Tasa Wawili na Zao Lao: Nambari Ambatani Kubwa na Ulinzi wa Fedha Jijini Nairobi

Utangulizi

Abiria anayesimama katikati ya jiji la Nairobi akitaka kuelekea magharibi huongozwa na nambari. Matatu ya 23 humpitisha Westlands na kumfikisha Kangemi. Ile ya 105 huifuata barabara iyo hiyo ya Waiyaki na kuendelea hadi Kikuyu, nayo ya 46 humpeleka Kawangware. Kwa abiria, nambari hizi ni majina ya njia tu. Kwa mwanahisabati, kila moja ina tabia yake. 46 ni 2 mara 23. 105 ni 3 mara 5 mara 7. Lakini 23 haigawanyiki bila baki kwa nambari yoyote isipokuwa 1 na yenyewe.

Tofauti hii baina ya nambari inayogawanyika na isiyogawanyika hufundishwa katika shule ya msingi, na wengi huiacha huko huko. Hata hivyo, ikikuzwa hadi kufikia nambari zenye mamia ya tarakimu, ndiyo inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya benki, ya serikali na ya biashara zinazotumia simu. Makala haya yanadhamiria kueleza tabia za nambari hizo kubwa, namna zinavyotumika kuficha siri, na kwa nini ulinzi wenyewe umesimama juu ya jambo ambalo hadi leo hakuna aliyelithibitisha. Sambamba na hayo, makala yanachunguza jinsi istilahi za Kiswahili zinavyoyabeba maarifa haya.

Suala la Istilahi

Vitabu vya hisabati vya shule za msingi nchini Tanzania, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika ngazi hiyo, vina msamiati uliokomaa. Nambari zinazogawanyika kwa 2 huitwa shufwa. Zisizogawanyika kwa 2 huitwa witiri. Maneno haya mawili yana asili ya Kiarabu, na Mwislamu anayeswali shufwa na witiri baada ya isha hahitaji kuelezwa maana yake. Nambari inayoigawanya nyingine bila baki ni kigawo chake. Tokeo la kuzidisha ni zao. Nambari isiyo na vigawo vingine ila 1 na yenyewe huitwa tasa.

Neno tasa linastahili kutazamwa kwa makini. Katika matumizi ya kawaida hutaja kiumbe asiyezaa. Aliyeliteua kwa ajili ya nambari hizi bila shaka alizingatia kwamba haziachi chochote ndani yake kitoke: ukiigawanya 23 kwa vipande vilivyo sawa, hupati kitu. Lakini hisabati yenyewe inasema kinyume. Kila nambari nzima inayozidi 1, ama ni tasa, ama imepatikana kwa kuzidisha nambari tasa, na kwa njia moja tu. Hakuna tasa nyingine zitakazozaa 105 isipokuwa 3, 5 na 7. Istilahi ya zao, nayo, imetokana na kitenzi zaa. Basi lugha imetuachia kinaya kizuri: tasa ndio wazazi wa nambari zote, na kila zao lina tasa katika ukoo wake.

Kwa nambari isiyo tasa, istilahi haijatulia. Neno changamano limekwisha kuzoeleka katika sarufi kwa sentensi, na katika hisabati limepewa aina nyingine kabisa ya nambari. Makala haya yatatumia nambari ambatani, kwa mfano wa nomino ambatani. Ulinganisho huu una faida. Mwanafunzi wa mofolojia akikutana na neno kiinuamgongo huuona mshono mara moja: hapa ni inua, pale ni mgongo. Nambari ambatani haina mshono unaoonekana. Anayetazama 391 haoni kwa macho kwamba ni 17 mara 23. Kuzidisha hufuta alama za vilivyounganishwa, na kadiri nambari inavyokua ndivyo ufutaji unavyokamilika. Ufutaji huo ndio kiini cha yote yatakayofuata.

Kujua Bila Kuona Vigawo

Afrika ina nafasi ya mapema katika historia ya somo hili. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, katika mji wa Alexandria nchini Misri, Euclid alithibitisha kwamba nambari tasa hazina mwisho. Katika karne iliyofuata, Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi ambayo leo ni Libya, alibuni chekeche lake: andika nambari kwa mfuatano, futa kila inayogawanyika kwa 2, kisha kwa 3, kisha kwa 5, na zitakazobaki juu ya chekeche ndizo tasa.

Chekeche hilo hufaa kwa nambari ndogo. Kwa nambari kubwa inahitajika njia nyingine, nayo ilitokana na kanuni aliyoieleza Mfaransa Pierre de Fermat mwaka 1640. Kanuni husema hivi: chukua nambari witiri yoyote, ipandishe 2 hadi kipeo kilicho pungufu ya nambari hiyo kwa 1, kisha gawanya kwa nambari hiyo. Ikiwa nambari ni tasa, baki lazima liwe 1. Kwa mfano, ijaribiwe 33. Kipeo cha 10 cha 2 ni 1024, ambacho kikigawanywa kwa 33 huacha baki 1. Kwa hiyo kipeo cha 30 pia huacha 1, na kipeo cha 32 huacha 4. Kwa kuwa baki si 1, 33 si tasa.

Msomaji azingatie kilichotokea. Imejulikana kwamba 33 ina vigawo, na katika hesabu yote hiyo 3 na 11 hazikutajwa. Kujua kwamba nambari ni ambatani ni jambo moja. Kuvijua vigawo vyake ni jambo jingine. (Kinyume cha kanuni hakithibitishi kitu: 341 hupita jaribio hili kwa baki 1, ilhali ni 11 mara 31. Ndiyo maana majaribio yanayotumika sasa ni makali zaidi. Mwaka 2002 wanahisabati watatu wa taasisi ya teknolojia ya Kanpur nchini India, wawili kati yao wakiwa ndio kwanza wamemaliza shahada ya kwanza, walionyesha njia ya haraka isiyokosea kamwe.)

Historia inao mfano maarufu. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alidai kwamba kipeo cha 67 cha 2, kikipunguzwa 1, ni nambari tasa. Nambari hiyo ni 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, lakini hakuweza kutaja kigawo hata kimoja. Ilibaki hivyo kwa miaka 27. Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati jijini New York, Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni na kuzidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno, na kwamba ukumbi ulimpigia makofi. Kuzitafuta nambari hizo mbili kulimchukua miaka. Kuzihakiki kulichukua muda wa kuandika ubaoni.

Mtegaji na Mtegewa

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anaifahamu hali hiyo kwa jina lingine. Ni kitendawili. Mtegaji hutega kwa sentensi moja, na hadhira nzima huweza kuhangaika usiku kucha. Jibu likisha kutajwa, hata mtoto huona kwamba ndilo. Ugumu uko katika kulitafuta, wala hauko katika kulitambua. Na aliyeshindwa hutakiwa kutoa mji kabla ya kupewa jibu.

Mwaka 1977 wataalamu watatu wa taasisi ya teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waliigeuza hali hii kuwa kufuli. Njia yao huitwa RSA kwa herufi za kwanza za majina yao. (Mwaka 1997 ilibainika kwamba Mwingereza Clifford Cocks alikuwa ameigundua mwaka 1973 akiifanyia kazi serikali, ikafichwa.) Wazo ni kuteua nambari tasa mbili kubwa, kuzizidisha, kulitangaza zao hadharani na kuzificha tasa zenyewe.

Namna inavyofanya kazi yaweza kuonyeshwa kwa nambari ndogo. Kwanza yafaa kukumbuka hesabu ya saa. Saa nne ukiiongezea saa kumi, jibu halisemwi kuwa saa kumi na nne. Husemwa saa mbili, yaani baki baada ya kutoa 12. RSA hutumia saa kama hiyo, ila uso wake una alama nyingi zaidi.

Ziteuliwe tasa 3 na 11. Zao ni 33, na hiyo ndiyo saa. Tangazo kwa umma ni hili: anayetaka kutuma siri aipandishe hadi kipeo cha 3 na kuchukua baki la 33. Siri ikiwa 4, kipeo chake cha tatu ni 64, na baki ni 31. Kinachosafiri njiani ni 31. Mwenye kufuli hukipandisha hadi kipeo cha 7. Kipeo cha pili cha 31 ni 961, baki 4. Cha nne huacha 16. Cha sita huacha 31. Cha saba huacha 4. Siri imerudi ilivyokuwa.

Hiyo 7 imetoka wapi? Kila tasa hupunguzwa 1, kisha matokeo huzidishwa: 2 mara 10 ni 20. Inatafutwa nambari ambayo ikizidishwa kwa 3 na kugawanywa kwa 20 huacha 1. Ni 7, kwa kuwa 21 huacha 1. Asiyezijua 3 na 11 hawezi kuipata 20, na asiyeijua 20 haipati 7. Kwa 33 mtu yeyote atazijua. Kwa nambari inayotumika kikweli, mambo hubadilika.

Kipimo cha Ukubwa

Ukubwa wa kawaida wa nambari hizi kwa sasa ni biti 2048, yaani tarakimu 617. Ikichapwa katika jarida kama hili ingejaza mistari kumi hivi. Vigawo vyake viwili vina takriban tarakimu 308 kila kimoja. Kuvitafuta vya kuteua si kazi: katika ukubwa huo, kwa wastani nambari moja kati ya 700 hivi ni tasa, na kompyuta hujaribu mamia ya nambari kwa muda mfupi sana.

Kuvitafuta kutoka kwenye zao ni habari nyingine. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 4,397,073 katika kaunti ya Nairobi. Tuseme kila mmoja wao, wachanga wakiwemo, apewe kompyuta inayojaribu vigawo bilioni moja kila sekunde. Kuvijaribu vyote kimoja kimoja kungechukua miaka ambayo idadi yake huandikwa kwa tarakimu zaidi ya 280.

Zipo njia za werevu zaidi, na historia inaonya dhidi ya majivuno. Mwaka 1977 jarida moja la sayansi la Marekani lilichapisha nambari ya tarakimu 129 na kuahidi zawadi ya dola 100 kwa atakayeipasua, pamoja na makadirio kwamba kazi ingechukua miaka trilioni elfu arobaini. Ilipasuliwa Aprili 1994, baada ya miaka 17, na wajitoleaji wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao kwa intaneti. Kampuni ya RSA iliendeleza mashindano ya aina hiyo toka 1991 hadi 2007; kwa nambari ya tarakimu 617, mji uliowekwa ulikuwa dola 200,000. Kubwa iliyopasuliwa kati ya nambari za mashindano hayo ni ya tarakimu 250, Februari 2020. Ile ya 617 bado imetegwa.

Nambari Hizi Nairobi

Safaricom, yenye makao yake makuu katika barabara ya Waiyaki, Westlands, ilianzisha M-Pesa Machi 2007. Laini ya simu na kampuni hushiriki ufunguo mmoja wa siri: nakala moja imo katika laini, nyingine iko kwa kampuni, na mteja aliipokea pale aliponunua laini. Utaratibu huo hauwezekani kwa maelfu ya biashara zinazotaka kompyuta zao ziwasiliane na mfumo huo moja kwa moja. Kwa ajili ya hao, mwaka 2017 kampuni ilifungua mlango unaoitwa Daraja. Biashara inayotaka kuwalipa wafanyakazi au wateja wake kwa njia hiyo hutakiwa kulifunga neno lake la siri kwa ufunguo wa umma wa M-Pesa, kwa njia ya RSA. Ufunguo huo wa umma ni zao. Hutolewa kwa kila anayeuhitaji bila kificho, kwa sababu kilichofichwa ni wazazi wake.

Mfano wa pili umo mfukoni. Kadi ya benki yenye kibati kidogo cha dhahabu hubeba saini iliyotengenezwa kwa nambari za aina hii, na mashine ya dukani huweza kuihakiki bila kuijua siri ya benki. Mfano wa tatu ni wa kisheria. Tangu marekebisho ya sheria ya mawasiliano yaliyoanza kutumika mwaka 2009, Kenya huitambua saini ya kielektroniki, na wanaotoa vyeti vya saini hizo husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo nayo ina makao yake katika barabara ya Waiyaki.

Saini hutumia kufuli ile ile kwa kuigeuza. Mwenye siri hupandisha ujumbe hadi kipeo anachokijua yeye peke yake, na yeyote huweza kuurudisha kwa kipeo kilichotangazwa. Ukirudi sawasawa, ni yeye aliyeutuma. Kwa hiyo anayefaulu kulipasua zao la benki hatasoma barua zake tu. Ataweza kutia saini kwa jina la benki, na hakuna mashine itakayomtofautisha na benki yenyewe.

Udhaifu wa Kufuli

Hatari ya kwanza hutokana na uzembe. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti yalikusanya mamilioni ya funguo za umma kutoka intaneti na kugundua kwamba maelfu yake yalikuwa na tasa moja ya pamoja, kwa kuwa vifaa vilivyoziteua havikubahatisha vya kutosha. Tasa ya pamoja ikiwepo, hakuna haja ya kupasua kitu. Hesabu ya Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS ya shule ya msingi, inatosha. Zichukuliwe 437 na 391. Toa ndogo kutoka kubwa: hubaki 46. Gawanya 391 kwa 46: baki ni 23. Gawanya 46 kwa 23: hakuna baki. KKS ni 23, na papo hapo inajulikana kwamba 437 ni 19 mara 23 na 391 ni 17 mara 23. Njia hii ni ya Euclid, na kwa nambari za tarakimu 617 kompyuta huimaliza mara moja.

Hatari ya pili ni ya kinadharia iliyoanza kukaribia. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta za kikwanta, zikijengwa kwa ukubwa unaotosha, zingezipasua nambari hizi kwa urahisi. Mwaka 2001 kompyuta ya namna hiyo ilipasua 15 kuwa 3 na 5. Ni hatua inayochekesha kwa udogo wake, lakini haikupuuzwa: Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya ulinzi usiotegemea nambari ambatani.

Hatari ya tatu ndiyo ya msingi. Hakuna mwanahisabati aliyewahi kuthibitisha kwamba kupasua nambari ambatani ni kugumu. Kinachojulikana ni kwamba wengi wamejaribu kwa miaka mingi bila kufaulu. Huenda njia rahisi ipo na haijagunduliwa. Mshahara unaolipwa kupitia simu na saini iliyomo katika kadi vimewekwa amana kwa kitendawili ambacho mtegaji mwenyewe hana hakika kwamba ni kigumu. Anachojua ni kwamba hadhira bado iko kimya.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nambari ambatani kubwa ina tabia tatu zinazoshikamana: ni rahisi kuiunda, ni rahisi kujua kwamba si tasa, na, kwa kadiri ijulikanavyo, ni vigumu mno kuwataja wazazi wake. Tabia ya tatu ikianguka, mifumo inayoitegemea haina budi kubadilishwa.

Yameonyesha pia kwamba tasa, zao, kigawo, baki, shufwa na witiri hutosha kuyaeleza haya hadi mwisho. Pengo lililojitokeza ni la istilahi moja, na nambari ambatani inapendekezwa hapa ijadiliwe. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini hisabati ya shule za sekondari na vyuo hufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake, wakala wa Kangemi anayeuliza fedha zake zinalindwa na nini hupewa jibu katika lugha ambayo huenda haimfikii, au haulizi kabisa.

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Kiswahili husomwa Bewa Kuu, karibu na katikati ya jiji, na hisabati husomwa Chiromo, katika njia ya kwenda Westlands. Mabewa hayo mawili yametenganishwa na mwendo wa dakika chache. Kamati ndogo ya wanafunzi kutoka pande zote mbili, ikianza na orodha ya istilahi hamsini za nadharia ya nambari na kuzijaribu kwa wasomaji wasio wanahisabati, ingekuwa mwanzo wa kutosha.